Leseni ya Muziki kwa Ukumbi na kwa DJ: Tathmini Yangu Baada ya Mwaka Mmoja Dodoma

Naendesha ukumbi mdogo wa burudani ya usiku hapa Dodoma, wenye nafasi ya watu 180 wakiwa wamesimama. Kwa mwaka mzima uliopita tumelipia huduma mbili zinazohusu muziki: ya kwanza ni ya wakala aliyetushughulikia maombi ya leseni ya kupiga muziki hadharani, na ya pili ni ya mtandao wa nje ya nchi ambao DJ wetu anaulipia kila mwezi ili apakue nyimbo. Naandika tathmini ya huduma hizo mbili, na ya leseni yenyewe kama kitu kinachouzwa na kununuliwa. Sitawataja majina wakala wala mtandao huo, kwa kuwa ninachotaka msomaji akipime ni huduma yenyewe, ambayo hata ikiuzwa na mtu mwingine itamletea mkanganyiko ule ule mnunuzi asiyejua la kuuliza.

Mwenye ukumbi wa usiku katika mji huu ana karatasi nyingi za kutundika ukutani. Kuna leseni ya biashara na ya vileo, kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), cheti cha zimamoto, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, nao wanataka kujua kelele zako zinafika desibeli ngapi kwenye uzio wa jirani. Katika karatasi hizo zote, leseni ya muziki ndiyo ambayo wenzangu wengi huiahirisha, nami kwa miaka miwili niliiahirisha. Kreti za soda unaziona zikishushwa kwenye gari, umeme unauona kwenye mita, lakini wimbo unaingia ukumbini ndani ya flashi ya kijana na hakuna mtu anayekuja kuudai mlangoni. Kilichonibadilisha mawazo ni usiku mmoja wa Ijumaa ambao umeme ulikatika na jenereta ikagoma. Vinywaji baridi vilikuwepo, nyama ilikuwa jikoni, taa za dharura zilikuwa zinawaka, na bado ndani ya nusu saa ukumbi ulibaki na watu wanane. Siku hiyo nilielewa kwamba bidhaa tuliyokuwa tunaiuza kwa kiingilio ilikuwa muziki, na kwamba ndiyo bidhaa pekee katika jengo lile ambayo tulikuwa hatujailipia.

Kabla ya kueleza huduma ya wakala ni lazima nieleze tunacholipia, maana hapo ndipo tulipoanza kupotea. Sheria inayotuhusu ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Jina la sheria hiyo limebeba haki mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Hakimiliki ni ya mtunzi, yaani aliyeandika mashairi na kutunga muziki wake, na hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Hakishiriki ni ya wale waliouleta wimbo masikioni mwa watu: mwimbaji, wapiga vyombo, na aliyegharamia rekodi. Wimbo mmoja wa bongo fleva wa dakika tatu unaweza kuwa na wenye haki wanne au watano, na kila mmoja anastahili sehemu yake pale unapopigwa mbele ya wateja wanaolipa. Mabadiliko ya sheria ya miaka ya karibuni yametenganisha kazi ya kusimamia hakimiliki, ambayo imebaki kwa ofisi ya serikali, na kazi ya kukusanya na kugawa mirabaha (malipo ya wenye haki kazi zao zinapotumika), ambayo sasa inafanywa na taasisi za wenye haki wenyewe zilizopewa leseni. Nimeona mpangilio huo ni wa busara, kwa sababu anayekusanya fedha za wanamuziki anapaswa kuwa na wanamuziki juu yake wanaomdai hesabu.

Nyimbo za nje nazo zimo. Jumamosi yetu ya kawaida, kuanzia saa tano usiku, zaidi ya nusu ya nyimbo ni amapiano kutoka Afrika Kusini, na watunzi wengi wa huko wako chini ya chama cha huko cha haki za muziki, SAMRO, kilichoanzishwa mwaka 1961. Vyama vya namna hiyo huandikiana mikataba ya kuwakilishana, na vingi vimeungana chini ya CISAC, shirikisho lililoundwa Ufaransa mwaka 1926, ili fedha iliyolipwa na ukumbi wa nchi moja iweze kumfikia mtunzi wa nchi nyingine. Mtu akikuambia kwamba leseni ya hapa inahusu wasanii wa hapa peke yao, usimwamini.

Sasa wakala. Alikuja mwenyewe ukumbini mchana, akapima sakafu kwa futi kamba, akahesabu spika, akauliza tunafungua siku ngapi kwa wiki na kama tunatoza kiingilio. Alijaza fomu kwa mwandiko safi, akatuletea namba ya kumbukumbu ya malipo ya ada ya leseni, nasi tukalipa kwa simu. Ada ya leseni ilikwenda moja kwa moja inakopaswa kwenda. Yeye tulimlipa shilingi 150,000 kwa kazi yake. Cheti kilifika ndani ya siku tisa. Kwa sehemu hii ya kazi sina malalamiko, na kwa mtu mwenye ukumbi ambaye hana muda wa kuzunguka maofisini, siku tisa ni haraka. Risiti ya malipo yake yeye ndiyo iliyotuchukua wiki sita kuipata, na tuliipata baada ya mhasibu wetu kumfuata mara nne.

Kosa lake kubwa lilikuwa katika maelezo. Nilimuuliza, mbele ya DJ wetu, kama leseni hii inatosha kwa nyimbo zilizomo kwenye kompyuta ya DJ, akajibu bila kusita kwamba inatosha kwa kila kitu kinachotoka kwenye spika. Jibu hilo lilikuwa na nusu ya ukweli. Leseni ya ukumbi inahusu kitendo cha kupiga wimbo hadharani. Kuunakili wimbo, yaani kuutoa kwenye santuri au diski na kuuingiza kwenye kompyuta, kisha kwenye diski ngumu ya akiba, kisha kwenye flashi mbili za kubebea kazini, ni kitendo kingine chenye haki yake katika sheria ile ile. Sheria inamruhusu mtu kujinakilia kwa matumizi yake binafsi, lakini DJ anayelipwa kwa usiku hawezi kusema kwamba nakala anazofanyia kazi ni za kusikilizia chumbani kwake. Kwa hiyo katika ukumbi wenye DJ wa dijitali kuna ruhusa mbili zinazohitajika, moja ya mwenye ukumbi na nyingine ya mwenye kompyuta, na wakala aliyelipwa ili kutuelewesha alituuzia moja huku akituhakikishia kwamba tumenunua zote.

Nilipogundua hilo nilianza kusoma wenzetu wa nchi nyingine wamefanyaje, na hapo ndipo nilipoona jinsi jambo hili lilivyowasumbua hata wale walioanza zamani. Uingereza wana chama cha watunzi, PRS, tangu mwaka 1914, na chama cha wenye rekodi, PPL, tangu mwaka 1934. Kwa miaka mingi mwenye ukumbi alilazimika kulipa sehemu mbili tofauti, hadi vyama hivyo vilipounda kampuni ya pamoja na kuanza, mwaka 2018, kutoa leseni moja inayobeba haki zote mbili. Marekani mambo ni tofauti kabisa: ukumbi huwalipa watunzi kupitia vyama kama ASCAP na BMI, lakini mwimbaji na mwenye rekodi hawapati chochote wimbo wao unapopigwa klabuni, kwa sababu sheria ya huko haijawapa haki hiyo. Nilisoma jambo hilo mara mbili kuhakikisha sikulielewa vibaya. Kwa hili peke yake sheria yetu, inayomtambua mpiga gitaa na mwimbaji pamoja na mtunzi, iko mbele.

Ujerumani ndiko nilikopata jibu kuhusu DJ. Mwaka 2012 chama chao cha watunzi, GEMA, kilitangaza mpango wa viwango vipya kwa kumbi, na wenye klabu wakaandamana wakisema vitawafungisha. Baada ya mvutano huo, kuanzia tarehe 1 Aprili 2013, GEMA waliweka pia kiwango maalumu kwa ma-DJ wanaonakili nyimbo: senti 13 za yuro kwa kila wimbo ulionakiliwa, pamoja na mpango wa malipo ya jumla kwa nyimbo nyingi na kwa zile walizokuwa nazo tangu zamani. DJ wetu ana nyimbo 9,400 kwenye kompyuta yake. Kwa hesabu ya senti 13 kila mmoja, angedaiwa yuro 1,222, fedha ambayo kijana anayelipwa kwa usiku hapa Dodoma hawezi kuitoa mfukoni. Kwa hiyo sipendekezi kiwango chao. Ninachokipenda ni kwamba walitenganisha mambo kwa uwazi: mwenye ukumbi anajua deni lake, DJ anajua lake, na hakuna anayeambiwa kwamba karatasi moja inafunika kila kitu.

Kiwango kinastahili aya yake, maana swali la kwanza ninaloulizwa na wenzangu ni bei. Australia walifundisha jambo zito mwaka 2007, pale baraza la usuluhishi la hakimiliki lilipopandisha malipo ya klabu za usiku kwa ajili ya wenye rekodi kutoka takribani senti 7 kwa kila mtu hadi dola 1.05 za Australia kwa kila mtu, nyongeza iliyopangwa kuingia hatua kwa hatua. Nilichukua ukumbi wangu nikaupigia hesabu: ukijaa watu 180, kwa kiwango cha zamani ningelipa dola 12 na ushee kwa usiku, na kwa kipya dola 189. Wenye klabu wa huko walipiga kelele, na nawaelewa. Lakini msingi wa kutoza kwa kichwa cha mtu aliyeingia, hata kama kiwango chenyewe ni kikubwa mno kwetu, una haki ndani yake ambayo ada ya kudumu ya mwaka haina.

Nasema hivyo kwa sababu ya jinsi mji huu unavyoishi. Dodoma ina misimu. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la Bajeti linapoketi, hoteli zinajaa, wageni wanashuka kwenye treni ya mwendokasi, na hata Jumatano ukumbi wangu unakuwa na watu. Bunge likiahirishwa, na Chuo Kikuu cha Dodoma kikiwa likizo, naweza kufungua Ijumaa nikapata watu thelathini. Wakati wa Ramadhani tunafunga siku kadhaa kwa heshima, na Kwaresima nayo hupunguza wateja. Ada inayohesabiwa kwa ukubwa wa sakafu inaichukulia sakafu yangu ya Mei na ya Septemba kuwa kitu kimoja. Ningependa fomu iulize idadi ya usiku tuliofungua na wastani wa tiketi zilizouzwa, ambazo risiti za mashine ya kodi (EFD) zinazo tayari, ili mwezi uliojaa ulipe zaidi na mwezi mkavu ulipe kidogo. Ningelipa kwa moyo mweupe zaidi, na nadhani mwanamuziki asingepungukiwa kitu.

Hata hivyo, jambo lililonifanya niandike tathmini hii ni la Jumamosi moja ya mwezi Agosti. DJ wetu, kijana wa hapa hapa, alikuwa amepata rekodi ya zeze na sauti za Kigogo, lugha ya wenyeji wa hapa, akaiweka juu ya mdundo wa singeli. Wateja waliipenda kupita nyimbo zote za usiku ule. Walimtaka airudie, akairudia. Ilipokuwa inapigwa kwa mara ya pili, kijana mmoja alinifuata kaunta.

“Shikamoo mama. Hiyo sauti inayoimba ni ya babu yangu, kule Chamwino.”

Wiki iliyofuata alimleta babu yake mchana, tukakaa nje kivulini. Nilimwamkia kwa Kigogo kidogo ninachokijua, akafurahi. Ni mzee wa kikundi cha ngoma, chenye zeze, marimba na ngoma za muheme zinazopigwa na kina mama. Alisema wageni fulani waliwarekodi kwenye sherehe miaka michache iliyopita, wakaondoka, na rekodi ikaanza kuzunguka kwenye simu za watu. Hakuwa na hasira. Aliniuliza maswali mawili.

“Mama, ninyi hapa mnalipia nyimbo mnazopiga?”

“Tunalipa, mzee. Tuna leseni, ile pale ukutani.”

“Mnamlipa nani?”

Sikuwa na jibu, na nilipoanza kulitafuta niliona kwamba hata wakala wangu hakuwa nalo. Ada yangu ilikuwa imekusanywa kihalali. Lakini ili sehemu yake imfikie mzee yule ni lazima mambo mawili yawe yamefanyika: kikundi chake kiwe kimesajili kazi zake na kujiunga na taasisi inayogawa mirabaha, na mtu awe ameandika kwamba usiku ule, katika ukumbi ule, wimbo wao ulipigwa. La kwanza lilikuwa halijafanyika. La pili ndilo lililonishangaza, kwa sababu lilikuwa limeshafanyika bila sisi kujua.

Programu wanazotumia ma-DJ wa dijitali, kama Serato na rekordbox, huweka kumbukumbu ya kila wimbo uliopigwa, kwa mpangilio wa usiku ule. DJ wetu alifungua kompyuta yake pale pale, akanionyesha. Orodha ya kila usiku tangu alipoanza kazi kwetu ilikuwepo, na kwa kubonyeza mara mbili tatu aliitoa kama faili la maandishi. Mwaka mzima tulikuwa tunatengeneza, kila Ijumaa na Jumamosi, karatasi ambayo mgawaji wa mirabaha anaihitaji kuliko kitu kingine chochote, na hakuna mtu aliyetuomba. Wakala alihesabu spika zetu na hakuuliza tunapiga nini. Bila orodha, mgawaji analazimika kukisia, na njia rahisi ya kukisia ni kutazama redio zinapiga nini na kudhani kumbi nazo zinafanya vivyo hivyo. Msanii wa Dar es Salaam anayepigwa redioni kutwa nzima atapata sehemu ya fedha ya ukumbi wangu hata usiku ambao hakupigwa hata mara moja, na kikundi cha Chamwino kilichoinua ukumbi mzima hakitapata kitu.

Teknolojia ya kutambua nyimbo klabuni ipo kwa wenzetu. Pioneer DJ, watengenezaji wa mashine za DJ, walianzisha mfumo wa KUVO mwaka 2014, uliobuniwa kusoma taarifa za nyimbo kutoka kwenye mashine hizo na kuzituma mtandaoni, na moja ya matumizi yaliyokusudiwa ni mirabaha kumfikia anayestahili. Sisemi kila ukumbi wa Dodoma ununue mashine ya namna hiyo. Nasema kompyuta ya DJ wetu tayari ina nusu ya kazi hiyo bila gharama, na huduma ya leseni isiyoiomba orodha ile inauza ruhusa ya kupiga muziki huku ikiacha fedha ikipotea njia kabla ya kumfikia mwenye kazi.

Orodha zenyewe, niseme ukweli, hazikuwa safi. Tulichukua Jumamosi nne tukazipitia mstari kwa mstari, mimi na DJ, mchana wa siku mbili. Mistari ilikuwa 438, na 67 kati yake haikuwa na jina la msanii linaloeleweka. Mingine ilikuwa na majina ya tovuti za kupakulia nyimbo za bure, mingine imeandikwa “mix mpya” na tarehe. Wimbo wa mzee wa Chamwino ulikuwa umeandikwa kwa herufi na namba zile ambazo WhatsApp huzipa sauti inayotumwa: AUD, kisha tarehe, kisha WA. Kwa mfumo wowote wa kugawa mirabaha duniani, kikundi kile hakikuwepo.

Sasa niitathmini ile huduma ya pili, ya mtandao wa kupakua nyimbo. Kwa upande wa usafi wa taarifa inastahili sifa: kila faili linakuja na jina la wimbo, msanii, mwaka na mara nyingi kampuni ya rekodi, na sauti yake ni nzuri hata kwenye spika kubwa. DJ anayepata nyimbo zake zote huko atakuwa na orodha safi. Udhaifu wake uko sehemu mbili. Kwanza, masharti yake, ambayo nilimwomba mpwa wangu mwanasheria ayasome nasi, yanasema wazi kwamba malipo ya mwezi hayampi mteja haki ya kupiga nyimbo hadharani, na kwamba mteja mwenyewe atafute leseni za nchi yake. DJ wetu alikuwa anaamini kwa miaka miwili kwamba kwa kulipa huko amemaliza kila deni. Pili, muziki wa hapa karibu haupo. Amapiano ipo tele, bongo fleva ya majina makubwa ipo, singeli ni ya kuokoteza, dansi la zamani halipo, na muziki wa Kigogo ndio kabisa. Kwa hiyo sehemu ya muziki ambayo wateja wa Dodoma wanaitambua kuwa ni yao inabaki kupatikana kwa WhatsApp, bila jina. Mtandao huo nauona unafaa kwa usiku wa nyimbo za nje, na haufai kuwa chanzo pekee cha DJ wa mji huu.

Mtu anaweza kusema kwamba nyimbo za asili ni za wote na hazina mwenyewe. Nilisikia hoja hiyo kwa wakala pia. Ni kweli kwamba wimbo uliorithiwa kwa vizazi hauna mtunzi mmoja wa kutajwa, ingawa sheria yetu inazilinda hata sanaa za jadi. Lakini sauti iliyomo kwenye rekodi ile ni ya watu walio hai, waliopiga zeze siku ile kwa mikono yao, nao wana hakishiriki yao kama mwimbaji mwingine yeyote. Na si kila wimbo wa Kigogo ni wa kale. Marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa mkoa huu aliyeipeleka marimba na zeze kwenye majukwaa ya Ulaya, alikuwa mtunzi. Alifariki mwaka 2003, na kwa hesabu ya miaka 50 tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2053. DJ anayechanganya sauti ya mzee yule na mdundo wa kisasa anagusa mali ya familia iliyo hai.

Kuna jambo moja zaidi la wakala ambalo nalitaja kwa ufupi. Ukumbi wetu hukodishwa kwa harusi na sendofu, na aliyekodi huja na MC na DJ wake. Nilimuuliza nani anawajibika kwa muziki wa siku hiyo, akasema tutaona likitokea tatizo. Mtu anayeuza ushauri wa leseni hapaswi kutoa jibu la namna hiyo. Sisi tumeamua kuandika kwenye mkataba wa ukodishaji kwamba DJ mgeni atuachie orodha yake ya nyimbo kabla ya kuondoka, na hadi sasa wengi wamekubali bila ubishi.

Kwa kikundi cha Chamwino tulifanya hivi. Tuliandika makubaliano ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, tukawalipa shilingi 200,000 kwa matumizi yaliyopita na ruhusa ya kuendelea kuipiga rekodi ile ukumbini kwetu kwa mwaka mmoja, na mpwa wangu akawasaidia kukusanya majina ya waimbaji wote kumi na mmoja ili wasajili kazi zao. DJ alikwenda Chamwino na kipaza sauti kizuri akawarekodi upya, kwa ruhusa yao, na faili hilo sasa lina jina la kikundi, jina la wimbo na mwaka. Hayo yalituchukua siku tano na fedha isiyozidi mauzo ya Jumamosi moja ya Mei. Kuanzia Oktoba tunaambatisha orodha za nyimbo kwenye barua yetu kila baada ya miezi mitatu, ingawa hakuna fomu inayozitaka, na barua ya kwanza imepokelewa na kugongwa muhuri.

Leseni ya ukumbi nitaihuisha, na namshauri kila mwenye ukumbi hapa Dodoma ailipie, awe Nkuhungu au Kisasa, kwa sababu ada yake ni halali na mwenye haki yuko. Wakala simchukui tena. Kwa kuwa sasa tunajua fomu inauliza nini, mhasibu wetu ataijaza. Anayelazimika kumtumia wakala amuulize kabla ya kulipa: leseni hii inahusu kupiga tu, au na kunakili? Inahusu watunzi tu, au na wenye rekodi? Nikikupa orodha ya nyimbo nilizopiga, unaipeleka wapi? Akishindwa la tatu, shilingi 150,000 ni nyingi. DJ wetu ataendelea na mtandao wake wa nyimbo kwa ajili ya amapiano, na amekubali kwamba faili lolote litakalokuja kwa WhatsApp halipigwi kabla hajaliandika jina la mwenye sauti. Kwenye orodha ya Jumamosi iliyopita mistari ilikuwa 112, isiyo na jina ilikuwa minne, na kikundi cha Chamwino kiko mstari wa 58 na wa 91.